Usichome Mabua: Jinsi ya Kuandaa Mboji Kabla ya Mvua

Kuanzia Julai, mahindi yakishavunwa, moshi huonekana kila upande wa Nyanda za Juu Kusini. Watu wanasafisha mashamba. Mabua hukusanywa mafungu mafungu, kiberiti huwashwa, na jioni shamba limebaki jeusi, tupu, linapendeza machoni. Usafi huo ni wa gharama. Sehemu kubwa ya naitrojeni na salfa iliyokuwa ndani ya mabua hupaa pamoja na moshi. Kinachobaki ni jivu lenye potasiamu, kalisi na fosforasi, na kwenye mteremko mvua ya kwanza ya Novemba hulikumba hadi mtoni. Mwezi huohuo mwenye shamba yuko dukani anauliza bei ya mbolea.

Hapa nitaeleza namna ya kutengeneza biwi moja la mboji kwa vitu vilivyopo: mabua, magugu, majani ya miti na samadi ya zizini. Miezi nitakayoitaja ni ya mikoa yenye msimu mmoja wa mvua: Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe, Rukwa. Aliye Tanga, Kilimanjaro au ng'ambo ya mpaka, Kenya, kwenye vuli na masika, achukue siku anayotarajia kupanda kisha ahesabu kurudi nyuma miezi minne. Kazi ni ileile.

Wafanyakazi wenyewe

Jani likidondoka halivundi lenyewe, linaliwa. Bakteria ndio wanaotangulia, nao huanza na vyepesi: sukari, wanga na protini. Nyuzi ngumu za bua husubiri kuvu. Na ile sehemu inayoufanya mti uwe mti, yaani lignini, humalizwa taratibu na kuvu wachache wanaoiweza, ndiyo maana kijiti hubaki kwenye biwi wakati majani ya maharage yamesahaulika zamani. Baadaye huja nyungunyungu, jongoo na wadudu wengine wadogo, wanasaga na kuchanganya. Wote hao ni viumbe hai wanaohitaji chakula, maji na hewa. Ukiyashika hayo matatu, biwi likikusumbua utajua tatizo bila kumuuliza bwana shamba.

Chakula chao kina pande mbili. Vitu vikavu vina kaboni nyingi, nayo ndiyo nguvu yao. Vitu vibichi na samadi vina naitrojeni, nayo ndiyo wanayojengea miili. Mambo huenda vizuri pakiwa na kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1. Mabua ya mahindi peke yake yako karibu 60 kwa 1. Maranda ya mbao hufika 400 kwa 1, na mengine huzidi. Samadi ya ng'ombe iko karibu 20 kwa 1, na majani ya jamii ya mikunde kama 15 kwa 1. Hapo utaelewa kwa nini ukifukia mabua makavu leo na kupanda kesho, mahindi huota ya njano: vijidudu vimepungukiwa naitrojeni, vimeifuata kwenye udongo, na mche mdogo hauna ubavu wa kugombana navyo. Naitrojeni hiyo hurudi vijidudu vikianza kufa, lakini ni wiki nyingi baadaye na mahindi yameshadumaa. Biwi ni mahali pa kumalizia ugomvi huo nje ya shamba.

Kinachobaki baada ya karamu hiyo ni kitu cheusi, laini, kisichooza tena kwa haraka. Hiyo ndiyo mboji. Udongo mwekundu wa Njombe au Songea una mfinyanzi usioweza kushika virutubisho vingi, kwa hiyo potasiamu, kalisi na magnesi huteremka na maji ya mvua hadi mizizi isikofika. Mboji huvishika virutubisho hivyo na kuviachia kidogo kidogo. Tena chuma na aluminiamu iliyojaa kwenye udongo huo hukamata fosforasi ikawa haiifai mimea, na mboji hupunguza ukamataji huo. Halafu kuna suala la punje. Bakteria hutoa gundi, kuvu hutandaza nyuzi, na chembe za udongo hushikamana zikawa punje zenye nafasi katikati. Mvua ikinyesha huzama. Haitiririki juu juu na kuondoka na shamba.

Anayetaka ushahidi wa macho aende Kagera. Kule kuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na pembeni kuna rweya, uwanda wa nyasi wenye ardhi iliyochoka. Asili ya ardhi hizo mbili ni moja. Tofauti ni kwamba kwa vizazi vingi nyasi zimekatwa rweya zikatandazwa kibanjani, na samadi ya ng'ombe waliolishwa rweya imemwagwa chini ya migomba. Rutuba ya kibanja ilibebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, na rweya ikabaki masikini. Nayo inahitaji kuendelea kubebwa, maana kwenye joto letu mboji haikai udongoni milele.

Hatua ya 1: Panga tarehe

Wengi huanza na kutafuta mahali. Mimi nasema anza na kalenda, kwa sababu mabiwi mengi yanayoshindikana yalikuwa mazuri ila yalichelewa. Mboji huchukua miezi mitatu hadi minne kuiva. Kama unapanda mwishoni mwa Novemba, biwi liwe limesimama ifikapo mwisho wa Julai. Mabua yanapatikana, mabaki ya maharage yapo, na mikono imepumzika kidogo baada ya mavuno.

Tatizo la Julai ni maji. Biwi la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.3 litakunywa ndoo 15 hadi 20 za lita 20 siku ya kulijenga, na nyingine kadhaa kila ukiligeuza. Kama maji unayachota mbali kwa kichwa, usijidanganye. Tandaza mabua yako zizini, ng'ombe wayakanyage na kuyakojolea, kisha jenga biwi mvua zikianza. Mboji hiyo itaiva Machi, ikafaa maharage ya mwisho wa mvua au bustani ya kiangazi. Biwi linaloloweshwa na mvua wakati wake ni bora kuliko biwi la Julai lililokauka likageuka kichuguu.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Chini ya mti wenye kivuli, karibu na shamba kuliko karibu na nyumba, maana mboji ni nzito kuliko mabua na hutapenda kuibeba mbali. Maji yasituame hapo. Pawe mbali na kisima, tena upande wa chini yake. Palilia, kisha tifua ardhi kidogo kwa jembe ili nyungunyungu wapate njia ya kupanda.

Watu huuliza kama wachimbe shimo au wajenge juu ya ardhi. Kwenye ukame, kama Dodoma, Singida au Kitui, shimo la nusu mita hutunza unyevu na linafaa. Kwenye mvua nyingi shimo hujaa maji, biwi linakosa hewa na kunuka. Nyanda za Juu, jenga juu.

Hatua ya 3: Kusanya vitu

Kipimo ni cha ndoo: ndoo mbili za vikavu, ndoo moja ya vibichi, nusu ndoo ya samadi. Usihangaike na mizani.

Vikavu ni mabua, nyasi kavu, majani ya migomba yaliyokauka, maganda ya karanga, pumba za mpunga. Magunzi nayo yanafaa yakipondwa. Vibichi ni magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya lusina, mabaki ya jikoni, matumba ya mgomba, majani ya viazi na maboga. Samadi yoyote ya mifugo inafaa. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo punguza kiasi.

Kuna mmea mmoja ambao watu huupita kila siku bila kuutazama: alizeti pori. Ule wenye maua ya manjano na majani machungu yanayokatika mapembe, unaoota kando ya barabara, kwenye mipaka ya mashamba na kingo za mito. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4, na yanaoza upesi ajabu. Watafiti wa magharibi mwa Kenya waliuchunguza sana kuanzia miaka ya 1990, wakaona unaweza hata kufukiwa mbichi moja kwa moja shambani. Mara nyingi hauna mwenyewe. Julai, kando ya mto, bado una majani. Kata matawi laini, acha yaliyokwisha kuwa miti.

Sasa vya kuacha. Plastiki, betri, vitambaa vya nailoni na chupa, hilo linajulikana. Nyama, mifupa na mafuta huita mbwa, panya na fisi. Kinyesi cha mbwa, paka na binadamu kina minyoo, kisiguse mboji ya mboga. Usitie shina la mgomba lenye mnyauko wala mizizi ya nyanya iliyonyauka kwa ugonjwa. Ndago na ukoka vikaushe juani kabisa kwanza hadi vinyauke, la sivyo utavipandikiza shamba zima kwa mkono wako. Majani ya mikaratusi na misonobari huoza polepole. Yakiwa machache hayana shida. Nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu ziache zilipo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hubaki ndani ya majani na huja kuharibu nyanya na maharage. Na gugu la kiduha lililotoa maua haliendi popote ila motoni. Hapo kiberiti kina kazi yake.

Hatua ya 4: Katakata

Hapa ndipo watu wavivu hujulikana. Bua zima lina ganda gumu la nje linalozuia maji na kuvu kuingia. Likikatwa vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila ncha inakuwa mlango. Panga na kigogo vinatosha: fungu la mabua juu ya kigogo, mkono mmoja umeshika, mwingine unakata, na vidole viwe mbali. Kama kuna vijana nyumbani, kazi hiyo ni ya asubuhi mbili.

Mwenye ng'ombe ana njia rahisi zaidi. Atandaze mabua mazima zizini wiki moja au mbili. Kwato zitayavunja na mkojo utayalowesha, na mkojo una naitrojeni nyingi inayoyeyuka, ambayo kwa kawaida hupotea bure ardhini. Mabua yanayotoka hapo yako nusu njiani.

Hatua ya 5: Jenga biwi

Chomeka mti mnyoofu, mrefu kukuzidi kidogo, katikati ya eneo. Chini kabisa tandaza matawi na vijiti, unene wa sentimita 20, ili hewa ipite. Kisha panga matabaka. Kwanza vikavu, sentimita 20. Mwagilia hadi viloe kweli, usinyunyize kama unayezima vumbi la uwanjani. Juu yake weka vibichi, sentimita 10, kisha samadi, sentimita 5. Rushia konzi chache za udongo wa juu kutoka chini ya mti au kutoka biwi la zamani, na jivu kidogo la jikoni. Udongo huo unaleta mbegu ya vijidudu. Jivu lisizidi: likiwa jingi huifukuza naitrojeni ikatoka na harufu kali ya mkojo. Rudia hadi ufike kimo cha mita 1.3 au 1.5.

Usikanyage. Watu hupenda kupanda juu ya biwi ili lishikamane, wanatoa hewa yote waliyoiwekea vijiti. Biwi pia lisiwe dogo kuliko mita 1 kila upande, kwa sababu dogo halitunzi joto. Likizidi mita 1.5 kwa kimo, hujibana lenyewe chini.

Namna ya kupima maji: chota konzi kutoka katikati ya tabaka, ubane kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Ukiachia kiganja na kimebaki kikavu, rudi mtoni.

Malizia kwa kufunika: majani ya migomba, nyasi nene au udongo wa sentimita 5. Jua la Agosti hunyonya maji upesi kuliko unavyodhani.

Mpangilio huu wa matabaka una historia. Mwingereza Albert Howard aliuratibu mjini Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, akijifunza mengi kwa wakulima wa huko, na katika miaka ya 1930 njia hiyo ilikwisha kufika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya. Mengine yote tuliyoyaongeza tangu hapo ni madogo.

Hatua ya 6: Sikiliza joto

Siku ya nne au ya tano, chomoa ule mti na ushike ncha iliyokuwa ndani. Biwi zuri litakuwa limeupasha hadi ushindwe kuufumbata muda mrefu. Ndani kuna nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na joto hilo halikutoka juani. Limetoka kwa bakteria wanaokula. Likikaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufa. Rudisha mti mahali pake. Nao huacha tundu la kupitisha hewa kila unapouchomoa.

Mti ukitoka wa baridi na mkavu, biwi lina kiu. Ukitoka wa baridi na umelowa, lina njaa ya vibichi au hewa imeziba. Ukitoka na utando mweupe wa unga unga, furahi: hao ni jamii ya bakteria wanaoota nyuzi, wanaovunja vitu vigumu, na baadhi yao ndio chanzo cha ile harufu ya udongo baada ya mvua.

Pua nayo isidharauliwe. Harufu ya yai viza maana yake maji yamezidi na hewa haipo. Geuza na ongeza vikavu. Harufu ya mkojo inayochoma macho maana yake naitrojeni inatoroka, ongeza mabua. Mchwa wakiingia, usikimbilie dawa, kwa kuwa mchwa hupenda palipo pakavu. Mwaga maji, watahama. Nzi wengi ni dalili kwamba mabaki ya jikoni hayakufunikwa.

Hatua ya 7: Geuza

Baada ya wiki tatu joto hushuka. Vilivyo katikati vimeliwa, vya pembeni bado vizima. Simama ubavuni na jembe uma, na uhamishe biwi lote hatua moja pembeni: vya nje viende ndani, vya juu viende chini, na kila kilichokauka kinyweshwe. Joto litapanda tena, si kali kama la kwanza. Geuza mara ya pili baada ya wiki tatu nyingine. Wengine hugeuza kila wiki wakapata mboji ndani ya miezi miwili. Mwenye nguvu hizo ni sawa, lakini kwa mkulima mwenye shughuli nyingine mara mbili zinatosha.

Kabla ya kuingiza mkono, gonga biwi kwa fimbo. Ni mahali pa joto na penye panya wadogo, na nyoka wanalijua hilo.

Wa pwani wana onyo la ziada. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye samadi na miti inayooza. Ukigeuza na kukuta mabuu makubwa, meupe, yaliyojikunja, yatoe yote uwape kuku. Usiyaache yakomae biwini kwako halafu ulalamike minazi inakufa.

Hatua ya 8: Hakikisha imeiva

Biwi litakuwa limepungua zaidi ya nusu. Rangi ni nyeusi au kahawia nzito, joto limekwisha hata baada ya kugeuza, na huwezi kutambua bua ni lipi na jani ni lipi, isipokuwa vijiti vichache ambavyo utavirudisha kwenye biwi linalofuata. Ikinuka amonia, ile harufu ya mkojo, bado.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio. Chukua makopo mawili. Moja jaza udongo wa kawaida, jingine changanya udongo na mboji nusu kwa nusu. Panda mbegu kumi za mchicha katika kila kopo na umwagilie sawasawa. Baada ya wiki moja hivi, mche wa kopo la mboji usiwe nyuma ya mwenzake. Ukiota wa njano au ukaungua ncha, mboji ipewe wiki tatu zaidi.

Iliyoiva na bado hujapanda, ifunike kwa turubai au nyasi nene. Mboji iliyoachwa wazi kwenye mvua huoshwa naitrojeni na potasiamu, na hapo umefanya kazi ya miezi minne kwa faida ya mtaro.

Hatua ya 9: Peleka shambani

Fanya hesabu kabla ya kumwaga. Biwi la vipimo nilivyotaja hutoa mboji ya kilo 700 hadi 900. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Viganja viwili vilivyojaa, karibu robo kilo, kwa kila shimo, biwi lako litatosha mashimo 3,000 hivi, yaani theluthi ya ekari. Ukiimwaga kotekote kama mchanga hutaona chochote. Kwa hiyo tia shimoni, changanya na udongo, weka mbegu, fukia. Mwakani hamia theluthi nyingine, au jenga mabiwi matatu.

Bustani ya mboga inataka zaidi: debe moja kwa mita mbili za mraba, ukichanganya na udongo wa juu kwa reki siku chache kabla ya kupandikiza. Mgomba upe debe moja au mawili kwa mwaka, ukiuzungushia duara hatua moja kutoka shinani. Kitalu cha miche ya kahawa au miti changanya mboji sehemu moja na udongo sehemu mbili au tatu.

Na mbolea ya dukani? Hapa wapo wanaopotosha pande zote mbili. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Biwi lako zima kwa kawaida halifikishi kilo 10, na hizo huachiliwa polepole kwa misimu zaidi ya mmoja. Asikwambie mtu mboji itajaza pengo hilo mwaka wa kwanza kwenye shamba lililochoka. Lakini urea kwenye udongo usio na mboji hupita tu, sehemu yake huoshwa na nyingine hupaa. Mwenye uwezo wa kununua nusu mfuko atie mboji kwanza, kisha nusu hiyo. Anaweza kumkaribia, hata kumzidi, jirani aliyetia mfuko mzima kwenye ardhi tupu, hasa mvua zikikatika katikati ya Februari, maana udongo wake utakuwa bado na unyevu.

Asiye na nguvu za biwi

Wapo wazee, wajane, na watu wenye shamba mlimani ambako kubeba toroli ni ndoto. Wao watazame Mbinga. Wamatengo wanalima miteremko mikali kwa ngoro, na njia hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Karibu na mwisho wa mvua, mwezi Machi, nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hulazwa mistari inayokatana, ikafanya miraba ya kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kurushwa juu ya nyasi hizo. Palipochimbwa panabaki shimo, na juu ya nyasi panakuwa tuta, ambalo hupandwa maharage. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba, hufukia na kupanda.

Nyasi huozea chini ya tuta, mahali penye unyevu, bila kubebwa popote. Maharage hujitafutia naitrojeni yake hewani kupitia vinundu vya mizizi, kwa hiyo hayateswi sana na ile njaa niliyoieleza. Msimu unaofuata nyasi zimegeuka mboji, na mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Mashimo nayo hudaka maji na udongo unaoteremka. Sijui mtambo wowote unaofanya kazi tatu kwa pamoja kwa gharama ya jembe na nyengo.

Na kama hata ngoro haiwezekani, yalaze mabua mistari inayokata mteremko, katikati ya njia za mahindi ya mwaka ujao, na uyaache. Usiyafukie. Mchwa, kuvu na mvua vitayamaliza kwa mwaka mmoja au miwili, na chini yake utakuta udongo laini kuliko wa pembeni. Jambo moja ulitengeneze mapema: baada ya mavuno mashamba mengi huwa malisho ya wote, na mabua yako yanaweza kwisha kwa wiki moja. Zungumza na wenye ng'ombe, na mwenyekiti wa kitongoji awepo, kabla ya Julai. Wakitaka mabua, walipe kwa samadi.